Washa Cherehani

Katika nyumba ile hakuna aliyesema "aa!". Sheria hiyo haikuandikwa popote wala haikutangazwa, ilijijenga yenyewe polepole, hadi mtu alipojikwaa kidole kwenye mguu wa meza alisimama kwanza, akavuta pumzi, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimejikwaa." Baba mwenye nyumba, fundi wa kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji, aliamini kwamba kati ya kuumia na kulia ipo nafasi ndogo, na kwamba utu wote wa mtu unaishi humo. Kazini walimwita Hewala, kwa kuwa ndilo jibu alilolitoa kwa kila kilichomfika. Mshahara umechelewa? Hewala. Umeme umekatika katikati ya kazi? Hewala. Jina lilimkaa hata watoto wa mtaani wakalitumia, naye hakuudhika. Kuudhika, alisema, ni kumpa mwenzako funguo za nyumba yako.

Siku ya kwanza ya kila juma la kazi ilikuwa siku ya kukosa. Jiko halikuwashwa. Viti vilisogezwa ukutani, nao watatu, baba, mama na binti yao wa kidato cha mwisho, wakaketi sakafuni na kula mkate mkavu kwa maji baridi. Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Kiyunani na Kirumi, walifanya hivyo, Hewala alieleza, hata matajiri wao: walijizoeza kukosa wakiwa nacho, ili kukosa kwenyewe kukija kusiwakute wageni.

"Haya, leo tumekosa nini?" aliuliza jioni hiyo, akiukata mkate kwa mkono wake wa kushoto uliobaki na vidole vitatu.

"Chai," binti alijibu. "Siagi. Viti. Taarifa ya habari. Na raha."

"Raha haikosekani. Raha iko humu." Akajigusa kifua.

"Basi humu mwangu imehama, Baba, na haikuacha anwani."

Mama alicheka. Kicheko kilifika nusu kikakatika, na mkono wake ukaenda chini ya mbavu, ukatulia hapo kama mtu aliyekumbuka kitu. Uso haukubadilika. Ila mkate aliokuwa ameushika kwa mkono mwingine ulipondeka ukawa donge.

"Unaumwa?" Hewala aliuliza.

"Limenibana kidogo. Kawaida."

"Kawaida," alirudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu kitamu. Alimtazama mkewe kwa heshima isiyo na unafiki hata chembe. Yeye mwenyewe alikuwa na siku zake mbaya, siku ambazo vidole visivyokuwepo vilimwuma akatamani kuvunja dirisha. Mkewe, tangu tumbo lianze kumsumbua, hakuwa ameugua kwa sauti hata mara moja mbele yake. Mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu.

"Baba, nikuulize," binti alisema. "Yako mambo yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Tumbo la Mama liko upande gani?"

"Tumbo, kama mwili wote, haliko katika uwezo wetu. Namna tunavyolichukulia, hiyo iko."

"Na kwenda hospitali kubwa?"

Hewala aliuweka mkate chini. Hakuwa mtu wa kushindana kwa ajili ya kushinda. Hoja nzuri ilimfurahisha hata ilipompiga yeye. "Kwenda kuko katika uwezo wetu," alikiri. "Umesema kweli. Lakini zahanati walimpima, wakasema si jambo kubwa."

"Walimwuliza anaumwa kiasi gani, naye akajibu 'kidogo.' Nilikuwepo."

"Kama ni kidogo, aseme nini?" Mama aliingilia, akaanza kukusanya makombo. "Hebu niacheni na tumbo langu. Mwanangu, kalete maji."

Ikaishia hapo.

* * *

Alasiri iliyofuata, watoto wa chekechea aliowafundisha walipokwisha kuchukuliwa na wazazi wao, Mama hakwenda nyumbani. Aliingia nyumba ya jirani, kwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye tepu shingoni na maneno mdomoni, akafunga mlango nyuma yake na kuuegemea.

"Washa cherehani," alisema.

Fundi alikuwa anapindua kola. Aliiondoa bila kuuliza, akachukua kutoka chini ya meza kipande kirefu cha kitambaa cha marekani nyeupe, akakiweka chini ya sindano na kukanyaga pedali. Cherehani ile ilikuwa kongwe, na mota iliyofungiwa baadaye ilikuwa kubwa mno kwa umri wake; ilinguruma hadi vikombe kabatini vikatetemeka. Ndani ya ngurumo hiyo Mama alilala ubavu juu ya marundo ya vitambaa, akakunja magoti mpaka kifuani, akaugua. Aliugua kwa sauti, mdomo wazi, kama asivyowahi kufanya hata siku ya kujifungua.

Fundi alishona mstari, akageuza, akashona mwingine. Kile kipande cha marekani hakikuwa nguo ya mtu. Kilikuwa kimejaa mistari ya nyuzi za kila rangi iliyokuwa kwenye cherehani Mama alipoingia: nyekundu ya sare za shule, kijani ya mapazia, nyeusi ya suruali. Pembeni palikuwa bado na weupe kidogo.

Maumivu yalipolegea, Mama aliinua mkono, na ngurumo ikakoma.

"Wateja wanauliza," fundi alisema, "mbona unashona mchana kutwa na nguo zetu haziishi? Nitawajibu nini? Nawashonea maumivu ya mke wa Hewala?"

"Waambie una oda kubwa ya serikali."

"Oda kubwa ya kaburi!" Fundi akajuta papo hapo. "Nisamehe. Lakini dada, wewe una nyumba, una kitanda, una mume. Mtu huenda kuugua kwa jirani? Watu huja kuazima chumvi. Wewe unakuja kuazima kelele."

"Kwangu hakuna mahali pa kuugulia."

"Ile si nyumba, ni kambi ya jeshi. Leo nikimwona nitamwambia."

"Hutamwambia." Mama aliketi, akajifunga kitambaa chake cha kichwa upya. "Ulimwona yeye baada ya kukatwa vidole na mashine? Ulimwona, usijifanye. Miezi alikaa ameutazama ukuta. Nilikuwa nikificha visu nikienda kazini. Kisha kiwandani wakamtupia kile kitabu cha Wastoa, kilichofungwa kurasa juu chini hakiuziki. Akakisoma. Akanyoa ndevu. Akarudi kazini na mkono ule ule." Alikung'uta uzi kwenye gauni lake. "Kitabu kile ndicho kilichonirudishia mume wangu. Nikianza kulia mle ndani, ataona hakifanyi kazi. Halafu nitamrudishaje tena?"

Fundi aliung'oa uzi uliokwama sindanoni.

"Na wewe?" alisema hatimaye. "Wewe kinakufanyia kazi?"

"Asubuhi, ndiyo. Nikiwa peke yangu na wale watoto, najiambia haya ni maumivu tu, si mimi. Yananipita. Alasiri ndiyo ngumu." Akatabasamu. "Alasiri falsafa inasinzia."

* * *

Siku chache baadaye, kiwandani, Hewala alikuwa anapaka gundi migongo ya vitabu. Vitabu vilipangwa wima kwenye mbao za kubania, na gundi ya moto ilitaka mkono mwepesi usiorudi nyuma. Ikishaanza kupoa, kila kitabu kisichovikwa jalada lake kiliharibika.

"Shemeji yetu hajambo tumbo?" mwenzake wa meza ya pili aliuliza.

"Linambana, lakini yeye halimbani. Sijapata kuona mtu kama yule. Mimi ninasoma, yeye anaishi."

"Wangu mimi akiumwa jino, mtaa mzima unaumwa jino."

Wakacheka. Meneja alipita akisugua mikono. Alimpenda sana Hewala. Baada ya ajali wenzake walitaka kugoma hadi mashine ya kukatia karatasi ifungwe kinga, na ni Hewala aliyewatuliza, akisema chuma hakina nia mbaya. Mashine haikufungwa kinga hadi leo. "Jifunzeni kwa huyu," meneja alipenda kuwaambia vijana wapya. "Mtu hakamiliki kwa vidole."

Ndipo binti alipotokea mlangoni, sare ya shule imelowa jasho.

"Baba, Mama ameanguka darasani. Tumbo limekuwa gumu kama ubao. Wamempeleka hospitali kubwa."

Kila mtu aliacha kazi. Meneja alitazama safu ya vitabu vilivyopakwa gundi, akatazama saa ukutani. "Pole sana, Hewala. Utakwenda bila shaka. Ila hivi vikigandia hapa ni hasara tupu. Malizia tu hii safu."

"Nitamalizia mimi," alisema yule wa meza ya pili.

"Wewe mkono wako mzito," meneja alisema.

Hewala alivuta pumzi. Katika nafasi ile ndogo aliyoiamini alipanga mambo yake kwa utaratibu: mke yuko hospitalini, mikononi mwa waganga, hilo haliko katika uwezo wangu. Gundi iko mbele yangu, hiyo iko. Kukimbia hakumponyi mtu. "Hewala," alisema, akachukua jalada la kwanza.

Binti alisimama mlangoni akimtazama baba yake akivika majalada, moja baada ya jingine, yamenyooka, bila hata moja kwenda upande. Alipomaliza alinawa mikono, akatundika aproni yake msumarini. Njia nzima binti alitangulia hatua kadhaa mbele yake.

* * *

Walimkuta Mama kwenye benchi la mapokezi, amekaa wima, mikono mapajani, kama aliyesubiri kupigwa picha. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. Mwalimu mkuu aliyemleta alikuwa amerudi shuleni.

"Wamekuona?" binti aliuliza.

"Wameniuliza. Wamesema nisubiri."

"Wamekuuliza nini?"

"Kama naweza kuvumilia. Nikasema naweza."

Mbele yao kijana mmoja aliyevimba kifundo cha mguu alikuwa anapiga mayowe ya kuomba mama yake, baba yake na polisi. Muuguzi alitoka, akamshika bega, akamwingiza. Benchi likasogea. Aliyefuata alikuwa mwanamke aliyelia kimyakimya, naye akaingizwa. Mama alisogea kila benchi liliposogea, akijiinua kwa viganja.

"Baba, sema," binti alinong'ona.

"Wanajua kazi yao."

"Wanajua walichoambiwa! Wanaingiza wanaolia. Mwambie Mama alie."

"Huwezi kumwagiza mtu kulia."

"Ila kunyamaza uliweza kumwagiza?"

Hewala alifungua mdomo. Alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri: hakuwahi kumwagiza mtu, aliishi tu kwa alichokiamini, na mkewe akachagua mwenyewe. Kabla hajalitoa, mlango wa nje ulifunguliwa kwa kishindo na fundi cherehani akaingia, tepu bado shingoni, pini zimechomekwa kifuani. Hakuwasalimu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mezani kwa muuguzi.

"Yule mwanamke pale ameandikwa nini?"

"Mama, subiri zamu yako."

"Mimi sina zamu, mimi mzima. Nauliza yule. Ameandikwa anavumilia, sivyo? Basi futa! Yule anakuja kwangu kila siku ya Mungu kulala chini na kulia kama mnyama. Tangu mvua zilipoanza! Nawasha cherehani mume wake asisikie. Futa, andika hivyo!"

Hata kijana wa mguu, kule ndani, aliacha mayowe. Watu wote wa benchi waligeuka, na hawakumtazama mgonjwa, walimtazama mume. Mzee mmoja alitikisa kichwa. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisema, si kwa kunong'ona, "Wanaume hawa."

Hewala alimgeukia mkewe. Mama alifumba macho, na kwa mara ya kwanza mbele ya mumewe, bila ngurumo yoyote ya kumfunika, akasema, "Aa."

Neno lilitoka dogo sana. Akaanguka ubavu, na muuguzi akaita machela.

* * *

Kidonda cha tumbo kilikuwa kimetoboka. Daktari aliwaeleza ukumbini huku akivua glavu; alionekana kijana na mchovu, na hakuwa mkali. Walikuwa wamempasua, wakasafisha walivyoweza. Uchafu ulikuwa umesambaa kwa muda. "Watu wenye tumbo la aina hii hatuwazuii kupiga kelele," alisema. "Kelele hutusaidia. Mngemleta mapema kidogo..." Hakuimaliza sentensi, naye Hewala alimshukuru kwa hilo.

Siku iliyofuata Mama alizinduka. Wodi ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Hewala alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, maana kiti kimoja kilichokuwepo alikuwa amekikalia mgeni wa kitanda cha pili.

"Mkono wako una gundi," Mama alisema.

Aliutazama. Kweli, kwenye ukucha wa kidole gumba. "Nilimalizia safu kwanza," alisema. "Nilipoitwa. Nilimalizia safu."

"Najua. Mtoto ameniambia." Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililokuwa zito. "Usikichome moto kile kitabu."

"Nani kasema nitakichoma?"

"Nakujua. Usikichome. Waliponiingiza kwenye kile chumba chenye taa, nikaona visu, nilijiambia maneno yako yote. Yalinishika mkono, kweli. Sikuogopa." Alipumzika. Maneno yalimchosha kama ngazi. "Kinafaa mtu akiwa peke yake. Lakini mimi sikuwa peke yangu, mume wangu. Wewe ulikuwepo. Nilikuwa nataka kukuambia tu. Si kwamba uniponye. Kukuambia tu kwamba linauma."

Hewala aliinamisha kichwa hadi kikagusa chuma cha kitanda.

"Niambie sasa," alisema.

"Linauma," Mama alisema.

"Linauma wapi?"

Akamwambia. Alimwambia mahali, alimwambia namna lilivyoanza, namna lilivyokuwa likichoma akiinama kufunga viatu vya watoto. Hewala alisikiliza bila kusema hewala. Alisikiliza mpaka muuguzi akamwondoa, na asubuhi walipomwita tena, joto lilikuwa limempanda Mama na hakumtambua mtu. Aliaga dunia kabla ya jua kutua.

* * *

Msiba ulipokuwa nyumbani, watu walimsifu. Alipokea wageni, akapanga viti, akakumbuka nani hawezi kukaa mbali na dirisha. Meneja alikuja na vijana wa kiwandani, akasimama katikati ya chumba na kusema, "Mnaona? Huyu ndiye mwanaume. Hata leo."

Safari hii Hewala alimtazama. "Ile mashine ya kukatia haina kinga," alisema.

"Bwana, leo si siku ya..."

"Vijana hawa wanne wanaitumia. Ifunge kinga. Sitawatuliza tena."

Meneja alitafuta tabasamu asilione, akaaga. Hewala akarudi kupanga viti. Ndani mwake mafundisho yalikuwa yanafanya kazi yake, hilo hakuweza kulikana: yalimsimamisha wima, yalimwambia kwamba waliozaliwa wote hufa na kwamba mkewe alikuwa amekopeshwa tu. Aliyasikia yote na akayakubali yote. Hata hivyo, kila aliponyamaza, alisikia "aa" moja ndogo, na hapakuwa na ukurasa wa kuiweka.

Wageni walipokwisha, siku ya kwanza ya juma ilifika, siku ya kukosa. Binti alirudi kutoka shuleni akakuta viti vimepangwa mezani na jiko limewashwa, chai inachemka, na baba yake hayupo. Alisimama katikati ya chumba. Kutoka upande wa pili wa ukuta ikaanza ngurumo ya cherehani, ndefu, isiyokatika.

Sauti hiyo alikuwa ameisikia alasiri nyingi akifanya hesabu za shule, akalalamika kwamba inamchanganya. Sasa alijua maana yake. Alizima jiko, akatoka.

Mlango wa fundi haukuwa na komeo. Baba yake alikuwa amelala ubavu juu ya marundo ya vitambaa, magoti kifuani, mkono wenye vidole vitatu umefunika uso, mabega yakitikisika. Fundi cherehani, macho yake yakiwa mekundu, alikuwa anaendesha marekani nyeupe chini ya sindano, kwenye kile kipande cha mwisho cha weupe kilichokuwa kimebaki. Alipomwona binti aliinua kidole mdomoni, akimwomba aende.

Binti hakwenda. Aliketi chini kando ya baba yake na kuweka kiganja mgongoni pake.

"Mama mdogo," alisema, "zima cherehani."

"Mwanangu, mwache kidogo, mwenyewe ameniomba..."

"Zima. Nataka kumsikia."

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali. Ngurumo ikashuka, ikakohoa, ikakoma. Kilio kikabaki peke yake chumbani, kibaya, kisicho na mpangilio, cha mtu asiyejua kulia. Hewala alisikia kimya kilichomzunguka, akavuta pumzi ili ajizuie. Ile nafasi ndogo ikafunguka mbele yake, kama siku zote. Kiganja cha binti yake kilikuwa bado mgongoni.

Akaiacha nafasi ipite, akaendelea kulia.